Mguu uliosagika: kuuunga au kuukata?

SWALI: Daktari, mume wangu ni wa bodaboda. Aligongwa na lori Outer Ring, mfupa wa muundi ukatokeza nje na nyama ikachunika. Ameshaingia thieta mara mbili kusafishwa kidonda. Sasa tunaambiwa tuchague: akatwe chini ya goti, au aungwe kwa upasuaji wa mara nyingi. Baba mkwe anasema madaktari wanapenda kukata, tumtoe tumpeleke kwa mganga wa mifupa kijijini. Tufanyeje? – Mama wawili, Kayole

JIBU: Pole sana, mama. Asitoke hospitalini.

Uchague lipi siwezi kukuambia bila kuuona mguu. Muulize daktari wake: damu inafika unyayoni? Mfupa uliopotea ni sentimita ngapi? Kuna nyama hai ya kuufunika? Unyayo kufa ganzi pekee si sababu ya kukata, kwa wengi hisia hurudi. Kama anavuta sigara, aache leo, maana mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga.

Ninayoisikia kila kliniki, na inaniudhi, ni imani kwamba mguu ukibaki daktari ameshinda, ukikatwa ameshindwa. Marekani walifuatiliwa wagonjwa 569 walioumia miguu vibaya, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Baada ya miaka 2, waliokatwa na waliookolewa mguu walikuwa karibu sawa katika shughuli zao za kila siku, na takriban nusu ya kila kundi walikuwa wamerudi kazini. Lakini walioungwa ndio waliolazwa tena zaidi: kama 48 katika kila 100, dhidi ya 34. Kuunga ni safari ndefu. Mfupa unaorefushwa kwa fremu ya vyuma husogea milimita 1 kwa siku. Pengo la sentimita 6 ni miezi miwili ya kukaza skrubu kila siku, kisha miezi mingine mingi ya kungoja ukomae, usaha ukinyemelea wakati wote. Wapo wanaoimaliza wakatembea vizuri, na kama mguu unafaa nitawapigania. Ila hesabuni pia kodi, karo na nani atamuuguza. Gharama ya mguu bandia nayo iulizeni mapema, kwa sababu huchakaa na kubadilishwa.

Goti ndilo mali. Aliyekatwa chini ya goti hutembea kwa nguvu kidogo kuliko aliyekatwa juu yake, na hapo ndipo waganga wa mifupa wanapotuumiza. Tunaletewa kijana aliyevunjika bila hata kidonda, amekazwa vipande vya mwanzi kwa raba za tyubu ya baiskeli, vidole vimekuwa vyeusi na baridi, ngozi imejaa malengelenge. Mguu wa kupigwa plasta tu unakatwa, pengine juu ya goti. Halafu lawama ni ya aliyeshika msumeno. Mfupa uliotokeza nje ndio kabisa haukandwi wala haufungwi dawa ya majani: unahitaji antibiotiki mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na kuoshwa thieta. Na mguu uliobanwa hukosa damu: msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya takriban saa 6.

Kwa hiyo yeyote aliyefungwa mguu, hata kwa plasta ya hospitali, maumivu yakizidi licha ya dawa, vidole vikafa ganzi au akalia vikinyooshwa, arudishwe hospitalini usiku huo huo. Msingoje kupambazuke.