Usisubiri mvua ikatike
Mdogo wangu, umeuliza kama uahirishe mafunzo ya pikipiki mpaka mvua za Kigoma ziishe. Hapana, nenda. Kwa kawaida zinaanza Oktoba au Novemba hadi mwezi wa nne, wa tano. Utakaa nusu mwaka bure. Utelezi ujifunzie kiwanjani, gia ya kwanza, mwalimu yuko pembeni. Breki bana zote mbili taratibu, ya mbele usiikamate ghafla hata ukishtuka. Lami huteleza zaidi mvua inapoanza tu, mafuta na vumbi havijasombwa bado. Radi ikipiga, simameni. Mteremko wa Mwanga kushuka stesheni uache kwanza, mpaka mkono uizoee klachi. Na vaa buti, si kandambili, nakuomba sana.