Betri ya moyo inasikia nini, inajibu nini

Kama mgonjwa wako ana betri ya moyo, yaani pesimeka, na kadi yake imeandikwa DDD 60–130 (herufi zinasema inasikiliza na kupiga chumba cha juu na cha chini cha moyo; namba ni kasi yake ya chini na ya juu kwa dakika), mshike mkono, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Ukipata 74, hiyo si dalili ya betri kuharibika: moyo wenyewe ndio unaoweka kasi, na betri inausikiliza. Ukipata 60 yaliyopangana kama saa ya ukutani, ndiyo inayopiga. Ukipata 46, rudia kuhesabu, kisha piga simu kliniki. Huenda ni mapigo ya mapema tu ambayo ni dhaifu mno kufika mkononi, au kifaa kimepangwa kishuke chini ya 60 usiku, lakini hilo atalithibitisha mwenye mashine ya kukisoma.

Watu wengi hudhani pesimeka ni jenereta inayosukuma moyo saa zote. Kumbe husikiliza kwanza, na ukiifahamu kwa masikio yake utaelewa karibu kila kinachoweza kuharibika.

Chenyewe ni kikopo cha titani cha gramu 20 hadi 30, chenye betri ya lithiamu na saketi, kinachofichwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Kutoka hapo, waya mmoja au nyaya mbili hupita ndani ya mshipa wa vena hadi upande wa kulia wa moyo, mmoja chumba cha juu na mwingine chumba cha chini. Ncha ya waya mara nyingi ina skrubu ndogo inayojikita kwenye nyama ya moyo. Waya huohuo ndio sikio, na ndio unaopeleka umeme.

Kila moyo unapopiga, umeme mdogo hupita kwenye ile ncha. Waya ukiwa umekaa vizuri, chumba cha chini hutoa milivolti 5 au zaidi, cha juu 1.5 au zaidi. Daktari huweka kizingiti, tuseme milivolti 2 chini na 0.5 juu. Kinachokivuka huhesabiwa kuwa pigo. Kisichokivuka ni kana kwamba hakikutokea. Hapa namba huwachanganya hata wauguzi, kwa sababu ukiishusha unaongeza usikivu. Ichukulie kama macho ya wavu: yakiwa madogo unanasa hata dagaa, yakiwa makubwa unabaki na changu na hata yeye anaweza kupenya.

Baada ya kila pigo saa ya ndani huanza upya. Kiwango cha 60 kwa dakika maana yake ni milisekunde 1,000 kati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga wenyewe kwenye milisekunde ya 850, saa inarudi sifuri na betri haitoi kitu. Zikitimia 1,000 bila kusikia chochote, inatoa umeme wa volti 2 hadi 2.5 hivi, kwa muda usiofika nusu ya milisekunde. Ile ya nyaya mbili ina subira zaidi. Ikisikia chumba cha juu kimepiga, husubiri milisekunde 150 hadi 200 ione kama umeme utashuka chini kwa njia yake. Kwa mgonjwa ambaye njia hiyo imekatika kabisa, umeme haushuki. Chumba cha chini kikiachwa peke yake hupiga 30 au 40 tu kwa dakika, ndipo vinapokuja kizunguzungu na kuzimia. Hapo betri inakuwa daraja.

Je, moyo ukienda mbio? Chumba cha juu kikianza kupapatika mara 300 na zaidi kwa dakika, betri inayofuata kila inachosikia ingeupeleka moyo wote mbio. Kwanza inazuiwa na ile 130 ya kwenye kadi. Kisha, ikihesabu kasi ya juu iliyopita kama 170, huacha kufuata chumba cha juu na kuendesha cha chini kwa utulivu hadi mpapatiko uishe, huku ikiandika siku, saa na muda uliochukua. Rekodi hiyo ina thamani kubwa kuliko wagonjwa wanavyojua. Mpapatiko huweza kuzalisha mabonge ya damu, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Kila ukienda kliniki uliza: "Kuna mpapatiko uliorekodiwa? Wa muda gani?" Jibu likiwa ndiyo, zungumza na daktari kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama hukuhisi kitu.

Ila pesimeka ya kawaida haina mshtuko wa kuokoa chumba cha chini kilichopapatika. Hiyo ni kazi ya dada yake mkubwa, betri ya mshtuko, ambayo ikisikia mbio za hatari kwanza hujaribu kuzivunja kwa mapigo machache yenye kasi iliyozidi kidogo ile ya mbio zenyewe, kwa mfano 8, na zisipotulia hujichaji sekunde kadhaa na kupiga mshtuko wa jouli 30 hadi 40. Kwa hiyo mwenye pesimeka akianguka na hapumui, bonyeza kifua kama kwa mtu yeyote, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ya mshtuko ikifika, pedi ikae angalau sentimita 8 mbali na kikopo.

Sasa hitilafu. Wiki za mwanzo adui ni waya kung'oka. Kwa wiki 4 hadi 6 usiinue kiwiko cha upande huo kupita bega: hakuna kuanika nguo kwenye kamba ya juu, hakuna kutwanga, hakuna ndoo ya maji. Wala usiufunge mkono kabisa, bega litaganda. Uchezeshe chini ya usawa wa bega. Na usikichezee kikopo kwa vidole. Wapo wanaokizungusha bila kujijua mpaka nyaya zinajisokota na kuvutika kutoka moyoni.

Miaka ikipita, waya unaweza kukatika ndani, hasa unapobanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Sehemu zilizokatika zikigusana hutoa kelele za umeme. Betri huzisikia, huamini ni moyo, nayo hunyamaza. Dalili yake ni ya pekee: mgonjwa anaona giza akinyoosha mkono ule kufikia kabati. Kwenye mashine, ukinzani wa waya ambao kwa kawaida ni ohm 300 hadi 1,000 na kitu hupanda kupita 2,000. Ukishuka chini ya 200, ganda la waya limepasuka.

Kuna pia umeme kutoka na moyo usiitike. Mwenye ugonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda huweza kufika hapo huku betri na nyaya ni nzima kabisa, na anayemwona atatafuta kosa kwenye kifaa kumbe liko kwenye damu. Dai kipimo cha potasiamu.

Sumaku iliyo karibu huiziba betri masikio: inaacha kusikiliza na kupiga kwa kasi moja, kati ya 85 na 100 kutegemea mtengenezaji. Madaktari wa upasuaji hutumia hila hiyo makusudi. Wewe weka simu sentimita 15 mbali, yaani si kwenye mfuko wa shati, na usilale na spika kifuani. Fundi wa kuchomelea vyuma asirudi kazini kabla ya kuongea na kliniki. Umeme wa nyumbani ukikatika au ukirudi kwa kishindo, betri haijui.

Ngozi juu ya kikopo ikivimba, ikiwa nyekundu au ikitoa maji, nenda ulikowekewa. Usikubali mtu achome sindano kuvuta maji hayo; anaweza kuingiza vijidudu, na maambukizi yakishafika kwenye kikopo kwa kawaida kila kitu hutolewa, nyaya pamoja.

Kliniki ni kila miezi 6 hadi 12, na karibu zaidi betri inapochoka, mara nyingi baada ya miaka 7 hadi 12. Kifaa hutoa ishara ya kuchoka takribani miezi 3 kabla ya kuzima, na hubadilishwa kikopo tu, nyaya zikiwa nzima zinabaki.

Swali linaloulizwa kwa kunong'ona: je, itazuia roho isitoke? Hapana. Nyama ya moyo ikishakufa, umeme unatoka na hakuna wa kuuitikia. Anayezikwa anaweza kuzikwa nayo. Anayechomwa, kama desturi ya Wahindu, lazima itolewe kwanza, kwa sababu ikipata moto hulipuka. Waambieni wahudumu wa chumba cha maiti mapema.