Stata Haizungushi Injini? Pima Kwanza, Kununua Baadaye

Stata nyingi (mota za umeme za kuwashia injini) zinazoletwa kwangu zikiitwa mbovu huwa nzima. Nashughulika na injini ndogo, za mashine za kukata nyasi, jenereta na pampu za maji, na naumia kuona mtu amenunua stata mpya halafu tatizo liko palepale. Ubovu ulikuwa kwenye betri, kwenye waya au ndani ya injini yenyewe.

Kabla ya yote, chomoa waya wa plagi na uuegemeze kwenye chuma cha injini ili isiwake ghafla mikono yako ikiwa karibu. Kisha piga stata na usikilize. Solenoidi (swichi inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata) ikigonga mfululizo, ta-ta-ta-ta, umeme ni mdogo: betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Ikigonga mara moja tu kisha kimya, solenoidi inaitika lakini umeme wa kutosha haufiki kwenye stata, au kuna kitu kimekwama. Kimya kabisa? Angalia fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi za usalama, ile ya chini ya kiti, ya breki na ya visu. Na stata ikilia kwa kasi bila injini kuzunguka, gia yake ndogo haishiki meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Ikisoma 12.0, karibu imekwisha. Lakini kipimo hicho peke yake hudanganya sana. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5, ukapiga stata ikaporomoka hadi 7. Kwa hiyo acha mita ya volti kwenye vichwa vya betri wakati mwenzako anapiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, ichaji ijae, upime tena. Ikirudia, jaribu na betri nyingine unayoiamini kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa waya, na hapa ndipo wengi hupitwa. Niliwahi kuletewa mashine ya kukata nyasi yenye betri nzuri, solenoidi mpya na stata mpya, bado inagonga mara moja na kunyamaza. Niliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye bodi ya stata, tukapiga. Ilipaswa kusoma chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya 3. Nikaufuata waya wa hasi hadi kwenye fremu: boliti imekazwa vizuri kabisa, ila juu ya rangi na kutu. Nilipochana ganda la waya karibu na kichwa chake, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Tulifunga waya mpya, tukapiga msasa fremu mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, ndipo tukapaka grisi juu kuzuia maji. Injini ikazunguka kwa nguvu. Upande wa chanya pia upime hivyohivyo, kutoka betri hadi kwenye nati ya stata.

Kama umeme ni safi na bado injini inazunguka nusu inakwama, toa plagi yenyewe kabisa, waya wake ukiwa bado umeegemezwa mbali na tundu, upige stata. Ikizunguka kwa wepesi, usiilaumu stata. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nafasi ya valvu ikipanuka kwa uchakavu, kifaa hicho hakifanyi kazi, na stata inapambana na kompresheni yote. Rekebisha valvu kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Tundu la plagi likitema petroli, kabureta inavujisha. Kagua na oili, kwa sababu ikinuka petroli lazima ibadilishwe.

Pale tu vipimo vyote hivyo vinapokuwa sawa ndipo ninapofungua stata, nikianza kutoa waya wa hasi wa betri. Gia ndogo na mhimili wake nasafisha kwa brashi na kuacha pakavu. Grisi nyingi hapo hushika vumbi na gia inagoma kutoka. Kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya stata) zikiwa fupi au zimekwama kwenye makazi yake, badilisha. Usiigonge stata kwa nyundo wala kuibana sana kwenye jiliwa, sumaku zilizo ndani hupasuka. Na kila unapojaribu, piga sekunde 5 tu, uiache ipoe dakika moja, maana joto huunguza nyaya zake haraka kuliko kazi.