Mzazi, hesabu siku za homa

Juzi saa sita usiku baba mmoja wa Nakuru aliniandikia. Mtoto wake wa miaka mitatu alipimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, daktari akamwambia mshipa mmoja wa moyo umetuna, na tangu siku hiyo hapati usingizi kwa kuogopa kwamba utapasuka. Nilisoma ujumbe wake mara mbili nikajiona mwenyewe, miaka miwili iliyopita.

Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Homa ilimshika Jumatatu. Huku kwetu Kisumu homa yoyote ni malaria kwanza, kwa hivyo kwenye zahanati moja ya mtaani nilipewa dawa za malaria bila mtoto kutolewa hata tone la damu. Siku ya nne alitoka vipele, nikaambiwa ni surua. Nikasema alichanjwa. "Mama, wewe ni daktari?" nikaulizwa mbele ya watu. Nikanyamaza. Mpaka leo inaniuma kwamba nilinyamaza.

Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi, lakini hayakuwa na tongotongo. Midomo ilipasuka ikatoa damu, ulimi ukawa mwekundu wenye vinundu. Siku ya 11 homa ilishuka yenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Siku chache baadaye nilikuwa nampima sare ya shule. Nilimshika mkono ili ninyooshe futi, na ngozi ya kidole gumba ikabaki vidoleni mwangu, nyembamba kama ganda la kitunguu saumu. Nikatazama kidole cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vinabambuka kuanzia pembeni mwa kucha. Nilimbeba mgongoni mpaka Russia, ndivyo tunavyoiita Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Daktari aliangalia vile vidole, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, homa ilikaa siku ngapi?"

Ulikuwa ugonjwa wa Kawasaki. Jina limetokana na Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani aliyeueleza mwaka 1967. Chanzo chake hakijajulikana, ila unawasha moto ndani ya kuta za mishipa ya damu, hasa ile inayolisha moyo wenyewe. Ukuta ukilegea, mshipa unatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka upande mmoja. Hiyo ndiyo anyurizimu. Mtoto akidungwa dawa ya kingamwili mshipani ndani ya siku 10 za kwanza, hatari inashuka kutoka kama mtoto mmoja kwa kila wanne hadi kama wanne kwa kila 100. Siku 10! Wangu alikuwa siku ya 16.

Tulipewa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Safari za matatu na harambee ya nauli naziruka. Kwenye eko, daktari wa moyo aliweka alama mbili kwenye skrini: milimita 5, pahali panapotakiwa kuwa kama 2.

Sasa nisikilize, Baba Nakuru, na wewe mzazi unayesoma. Kupasuka ni nadra. Cha kuogopa zaidi ni damu kwenda polepole mle ndani ya uvimbe na kuganda, kisha njia ya damu izibe na mtoto apate shambulio la moyo. Ndiyo maana mtoto anapewa aspirini kidogo kila siku, na mwenye uvimbe mkubwa sana anaongezewa dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Usiisimamishe kwa sababu mtoto anacheza. Wangu alikuwa anacheza mpira huku mshipa una milimita 5! Usimpe ibuprofeni bila kumuuliza daktari, kwa kuwa inazuia kazi ya aspirini. Ulizia pia chanjo ya mafua, na tetekuwanga ikiingia nyumbani piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu aspirini na magonjwa hayo mawili havipatani. Akiwa mweupe ghafla, akitoka jasho, akitapika au akilalamikia kifua, usingoje asubuhi.

Na tafuta daktari wa moyo wa watoto. Dai barua ya rufaa. Eldoret wapo, Nairobi wapo hospitali za Kenyatta na Mater. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujahitaji. Kwa watu wazima uvimbe huu mara nyingi hutokana na mafuta kuganda kwenye mishipa, kwa hivyo kama ni mzazi wako aliyeambiwa hivyo, maswali yake ni mengine, lakini barua ya rufaa ni ile ile.

Hesabu siku za homa. Ziandike. Homa ikifika siku ya tano na macho ni mekundu, sema kwa sauti, hata wakikuuliza kama wewe ni daktari.

Mishipa iliyotuna, zaidi ya nusu hurudi upana wa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, ingawa ukuta haurudi kuwa mpya na kliniki inaendelea. Kwa hivyo, Baba, ukienda muulize daktari ni mshipa upi, ni milimita ngapi, na eko nyingine ni lini. Andika kwenye daftari la mtoto. Langu limechanika jalada, nimelishona kwa uzi wa sare. Alhamisi iliyopita daktari wa Eldoret aliandika ndani yake: milimita 3.