Re: Spika za Eunos Roadster, nibadilishe bila kukata mlango?

Mkuu, umeuliza kama spika za milangoni kwenye Eunos Roadster yako (Mazda MX-5 ya kwanza) zinabadilishika bila kukata bati, na kama amplifaya ni lazima.

Bati usiliguse. Milango hiyo inapokea spika ya inchi 6.5. Kinachosumbua ni kina, kwa sababu kioo kikishuka kinapita nyuma ya sumaku. Kabla hujanunua, shusha kioo mpaka mwisho, kisha pima nafasi iliyobaki. Ikiwa finyu, seremala yeyote hapo Tabora atakuchongea ringi ya mninga ya kuisogeza spika mbali na kioo. Ipake vanishi pande zote, maana mvua ikinyesha maji hupita ndani ya mlango. Na ile nailoni nyuma ya paneli irudishwe! Mafundi wengi huichana na kuitupa, halafu spika mpya inashika kutu.

Amplifaya si lazima. Redio iliyoandikwa 50W x 4 kwa kweli hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika, kwa hiyo tafuta spika ya omu 4 yenye usikivu (yaani inavyotoa sauti kubwa kwa wati chache) wa desibeli 90 au zaidi. "Wati 300" za kwenye boksi ni porojo. Wufa (spika kubwa ya besi)? Mimi singehangaika: ukikunja turubai upepo unameza besi, na buti lenyewe ni dogo, betri imo humo humo.

Mwisho, hakikisha nyaya hazijapishana: chomoa plagi ya redio, gusisha betri ya 1.5V kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya. Koni zote zisogee nje. Moja ikiingia ndani, geuza nyaya zake.