Maswali ya wasomaji: Uhakiki wa kisaikolojia unaanzia wapi?

SWALI: Wahariri, shikamooni. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, Dodoma. Tulipewa kazi ya kuhakiki Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, kwa nadharia ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Niliandika kwamba idi ya Rosa (tamaa zake za asili) iliishinda nguvu supaego yake (sauti ya ndani inayokataza na kuhukumu), ndiyo maana akaharibikiwa alipofika chuoni Morogoro. Mwalimu amenipa alama 9 kati ya 20 na kuandika pembeni: "Umebandika majina, hujahakiki." Nilitakiwa nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, ila kazi yako inaokoleka kwa sababu umeshika mahali penyewe, yaani yale mageuzi ya Morogoro. Tatizo ni kwamba sentensi yako inamfaa mhusika yeyote aliyewahi kukosea. Toa jina la Rosa, weka la mlevi au mwizi wa riwaya nyingine, nayo itasimama vilevile.

Rudi kitabuni. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mgomvi nyumbani, na huyohuyo ndiye anayemlinda bintiye asikaribiane na wavulana. Barua ya mvulana aitwaye Charles inapogundulika, Rosa anapigwa vibaya. Sasa jiulize: katazo hili linakaa wapi? Linakaa kwenye mkono wa baba. Rosa anamwogopa Zakaria, na hofu ya namna hiyo inahitaji mlinzi awepo. Freud, katika kitabu chake cha 1923 kilichozitaja idi, ego (nafsi inayosuluhisha kati ya hizo mbili) na supaego kwa pamoja, alieleza kuwa supaego hujengeka pale sauti ya wazazi inapoingia ndani ya mtoto ikawa yake. Kwa hiyo swali lako la utafiti ni hili: je, sauti ya Zakaria iliingia? Pitia kila mahali ambapo baba hayupo uone Rosa anafanya nini, anaogopa nini, na anajisemea nini.

Halafu usiukwepe mwisho wa riwaya, kwani ndio unaolivunja dai lako. Rosa anajiua. Kama idi ilishinda na supaego ilikuwa dhaifu, nani anayemhukumu kifo? Mtu asiye na msimamizi ndani yake hajipi adhabu kubwa namna hiyo. Sisi tungeandika hivi: ukali wa Zakaria haukumpa Rosa dira ya kumwongoza, lakini ulimwachia hakimu wa kumwadhibu. Hilo ni dai linaloweza kubishiwa kwa ushahidi wa kitabu, na linaeleza Morogoro na kujiua kwa pamoja. Hata ile mahakama ya mbinguni anayoiweka Kezilahabi mwishoni inapata uzito mwingine: hukumu inaendelea hata baada ya kifo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kidato cha tano na sita. Wanafunzi wangu wanaijua nadharia kwa kichwa, ila wakifungua kitabu hawaoni kitu. Kuna utaratibu wa kuwafundisha "kuona"?

JIBU: Upo, na hauhitaji vifaa zaidi ya daftari. Wasome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, hadi mwisho. Mara ya pili wachore jedwali la safu tatu: ya kwanza maneno yenyewe na ukurasa, ya pili kitu gani hapo si cha kawaida, ya tatu maelezo rahisi kuliko yote yasiyohusu saikolojia. Safu ya tatu ndiyo wanafunzi huiacha, nayo ndiyo inayowaokoa. Kama mhusika amenyamaza kwa sababu tu mgeni ameingia, hakuna ukandamizaji wa hisia hapo, yaani kuzisukuma nje ya fahamu.

Wanachotafuta ni marudio yasiyo ya lazima, ukimya mahali ambapo mtu yeyote angesema neno, kuteleza kwa ulimi, visingizio vinavyobadilikabadilika, kitendo kinachopingana na maneno, na hasira kubwa kwa kosa dogo. Jambo likionekana mara moja tu, liachwe. Likionekana mara tatu katika sehemu tofauti za kitabu, hapo kuna hoja.

Chukua tamthilia ya Shakespeare ya Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kama Makbeth. Mfuate mke wa Macbeth peke yake. Tendo la kwanza, onyesho la tano, anayaita mapepo yamwondolee uanamke wake na anaiomba giza nene ya usiku ifunike kisu. Tendo la pili, onyesho la pili, anasema angemuua Mfalme Duncan kwa mkono wake, ila mzee yule alivyolala alifanana na baba yake. Baada ya muda mfupi anamwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawasafisha. Kisha tendo la tano, onyesho la kwanza: anatembea usingizini, ameagiza awe na taa karibu yake muda wote, na mhudumu wake anasema amewahi kumwona akiendelea kunawa mikono kwa robo saa. Hapo anashangaa kwamba mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi kile.

Waachie wanafunzi wapange wenyewe. Aliyeiomba giza sasa hawezi kukaa bila taa. Maji kidogo yamekuwa robo saa. Neno la baba lilitamkwa mara moja likasukumwa kando, na anayemrudia usingizini ni "mzee". Waonyeshe na umbo: mwanzoni anazungumza kwa ushairi, katika onyesho la usingizi anazungumza kwa nathari iliyokatikakatika. Ukandamizaji na kurudi kwa kilichokandamizwa vimeshaonekana kabla ya kuvitaja. Hapo ndipo uandike istilahi ubaoni.

Freud mwenyewe alipoliandikia jambo hili mwaka 1916 aliongeza wazo alilolipata kwa Ludwig Jekels: kwamba Macbeth na mkewe ni kama mtu mmoja aliyegawanywa wawili. Macbeth ndiye anayesikia sauti kwamba hatalala tena, lakini anayeonyeshwa akihangaika usingizini ni mke. Darasa la kidato cha sita linaweza kulijadili hilo kipindi kizima.

Onyo moja. Mke wa Macbeth anasema amewahi kunyonyesha, lakini tamthilia haionyeshi mtoto wao. Ukianza kukisia mtoto huyo alikufa lini na mama aliumia vipi, umeshatoka kwenye matini. Mwaka 1933 L. C. Knights aliiita insha yake kwa swali la mke wa Macbeth alikuwa na watoto wangapi, akiwapinga wahakiki waliowatendea wahusika kama majirani wenye maisha nje ya kitabu. Mhusika hana utoto isipokuwa ule ulioandikwa.

SWALI: Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na Rosa Mistika inaanzia hukohuko. Je, si haki kusema kwamba riwaya inafichua nafsi yake? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Mazingira ya kijiji, ndiyo: aliandika anachokijua. Nafsi yake, hapana, labda uwe na ushahidi wa nje kama barua, shajara au mahojiano, na hata hapo uutumie kama nyongeza, usiufanye nguzo.

Sababu inaonekana kwa Freud mwenyewe. Katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, kilichobeba mwaka 1900 jaladani, alisema Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, anachelewa kumuua ami yake kwa kuwa ami huyo ametenda lile ambalo Hamlet alilitamani utotoni: kumwondoa baba na kumpata mama. Kisha akalifunga wazo hilo na maisha ya mwandishi, kwamba Shakespeare aliandika muda mfupi baada ya kufiwa na baba yake mwaka 1601. Baadaye, katika tanbihi ya 1930, Freud aliandika kwamba haamini tena kuwa yule mtu wa Stratford, mji wa Shakespeare, ndiye mtunzi. Ile nguzo ya wasifu ikaanguka. Hoja ya kuchelewa kwa Hamlet ikabaki, maana ilikuwa imeegemea mistari ya tamthilia, na Ernest Jones, mfuasi wa Freud, aliyeanza kuipanua mwaka 1910 alifikia kuitolea kitabu kizima mwaka 1949.

SWALI: Freud alikuwa daktari wa Vienna. Nadharia yake inatuhusu nini sisi wenye mizimu, wajomba na ukoo mpana? Morogoro.

JIBU: Swali zuri, hasa likitoka Morogoro, maana Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika kitabu cha 1927 alidai kwamba huko mwenye mamlaka juu ya mtoto ni mjomba, huku baba akiwa rafiki. Uadui aliousema Freud ukahamia kwa mjomba. Jones alimpinga vikali, lakini mhakiki anaondoka na kanuni inayofaa: kabla ya kumtafuta "baba" katika hadithi, tafuta nani anakataza, nani anarithisha na nani anaadhibu. Anaweza kuwa mjomba, bibi, padri au mkoloni.

Kuhusu huyo wa mwisho, msome Frantz Fanon wa Martinique, daktari wa akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, Aljeria, kuanzia 1953. Kitabu chake cha 1952 kinaeleza jinsi mtu mweusi anavyofundishwa kujitazama kwa jicho la mzungu. Kwa riwaya zetu za wasomi wanaorudi kijijini wakaona aibu na kwao, Fanon anasaidia kuliko Edipo, yaani ile hoja ya Freud ya mtoto kumtamani mama na kumwonea baba uadui.

Na mizimu? Marehemu akimtokea mhusika ndotoni, usikimbilie kusema ni tamaa iliyofichwa. Andika kwanza wahusika wengine wanaipokeaje ndoto hiyo: wanatambika, wanacheka au wananyamaza? Kisha andika inabadilisha nini kwa aliyeota. Kama kijiji kizima cha hadithi kinauamini mzimu, basi ndani ya hadithi hiyo upo, na kazi yako ni kueleza kwa nini umemtokea huyu na si ndugu yake.

SWALI: Insha ya maneno 1,500, nadharia ichukue kiasi gani? Nairobi.

JIBU: Maneno 200, yasizidi. Chagua dhana mbili tu. Wanaoleta idi, ego, supaego, Edipo, ndoto na mwanasaikolojia Jung kwa mpigo huishia kutoa fasili. Maneno kama 1,000 yaende kwenye vifungu vitatu au vinne vya kitabu, kila kimoja kikinukuliwa kwa ufupi na kuchambuliwa neno kwa neno. Yanayobaki yape ushahidi unaokupinga na jibu lako. Maneno kama "bila shaka" na "ni wazi" yafute kabla ya kukabidhi, kisha angalia kama sentensi bado ina ushahidi wa kuibeba.