Usisubiri amalize ya pombe kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu mdogo wako: umesema katoka rihabu, kituo cha kuacha pombe, wiki tatu sasa, waragi hagusi, ila kila akila anaingia chooni na kufungua bomba kuficha sauti ya kutapika, na wazee wanasema mwacheni apone pombe kwanza, ya chakula yatafuata. Mimi nilikuwa kama huyo mdogo wako. Msisubiri.

Kwangu vilikuja pamoja. Mchana natafuna mairungi, yaani miraa, ili njaa inipishe, usiku waragi ili nilale, nikizidiwa nikala, natapika. Nilivyokonda, kwetu Arua wakasema ni silimu, yaani UKIMWI. Nikapimwa, sina, na maswali yakaishia hapo.

Rihabu ya kwanza walitibu pombe tu. Kutapika kukazidi, maana kilichokuwa kinanituliza kimeondoka na mahali pake pako wazi. Nikiacha chakula cha jioni walidhani nafunga na kuomba, wakanisifu. Niliporudi nyumbani, mwezi haukuisha nikashika chupa tena.

Mara ya pili, Kampala, muuguzi alinishika mkono kutafuta mshipa, akatulia. Alikuwa anatazama vifundo vya vidole, pale meno yalipoacha makovu nilipokuwa nikijitapisha kwa vidole. Akauliza polepole, "Hii ilianza lini, dada?" Nililia mpaka dripu ikangoja.

Wakapima damu. Kutapika kunamaliza potasiamu, madini ya mwilini, na ikishuka sana moyo hupiga ovyo, unaweza hata kusimama. Mnywaji asiyekula huishiwa pia vitamini B1. Nilichomwa hiyo kabla ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia ubongo unaweza kuumia. Chakula nacho walikiongeza kidogo kidogo. Mama alikuja na matoke na mchuzi wa karanga, bakuli limejaa, akazuiwa mlangoni, akaondoka na uchungu. Laiti wangemweleza! Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla, fosfeti, madini mengine, huanguka kwenye damu, na mtu anaweza kufa huku ndugu zake wakifurahi kwamba anakula.

Kaunsela alikuwa mmoja kwa yote mawili. Kila baada ya mlo alikaa nami saa nzima chini ya mwembe, tunamenya karanga, mpaka ile hamu ya kwenda chooni ipite. Alinipa daftari niandike hamu inakuja lini. Ya kunywa na ya kutapika zilikuja saa ileile, jioni kwenye saa kumi na mbili. Nilipoiona kwa mwandiko wangu ndipo nikaamini ni ugonjwa mmoja wenye milango miwili.

Kwa hiyo mkitafuta mahali, ulizeni kabla ya kulipa: nani anajua matatizo ya ulaji, na nani anakaa na mgonjwa baada ya kula? Kila daktari aambiwe yote, pombe na kutapika, kwani dawa kama bupropioni, ya sonona na ya kuacha sigara, huweza kumletea degedege mtu anayejitapisha. Akirudia kunywa kila siku, msimfungie ndani aache ghafla. Degedege huja hata siku ya kwanza au ya pili. Akizimia, moyo ukimwenda mbio, au akitapika damu, hospitali siku hiyohiyo.

Na nyumbani msimtaje mwili. Kaka yangu aliniambia kwa mapenzi kabisa, "Sasa umejaza, umependeza." Jioni ile nilirudi chooni.